Nilikaa Chini Wimbo wa Kwao Ulipopigwa

Mpenzi msomaji, kuna watu wamekutana na wenzi wao kanisani, wengine kwenye daladala, wengine wameunganishwa na shangazi. Mimi na mume wangu tulikutanishwa na filimbi ya polisi.

Ilikuwa mwaka 2017, saa 12 jioni, katikati ya jiji la Dar es Salaam, nje ya kituo kimoja cha polisi. Nimetoka kazini hoi, viatu vya kisigino mkononi, ndala miguuni, nakimbilia gari. Filimbi ikalia. Kwa wengi pale ilikuwa filimbi tu. Muuza karanga akaendelea kuchezesha sarafu zake, watu wakaendelea kupigana vikumbo. Mimi nikaganda. Wala sikufikiria, ni mwili wenyewe. Nimekulia kota za polisi, baba yangu ni sajini mstaafu, na pale kwetu bendera ikianza kushuka hata ukiwa na ndoo ya maji kichwani unasimama nayo hapo hapo mpaka filimbi ya pili.

Basi nimesimama wima na viatu vyangu mkononi, nikamwona kijana mmoja, hatua kama kumi mbele yangu, naye amesimama. Begi lake la kompyuta kaliweka chini, mikono imenyooka pembeni ya mapaja, anaitazama bendera inavyoshuka taratibu. Watu wanampita wanamgonga bega, yeye katulia tuli. Kwenye ule umati wote tulikuwa wawili tu.

Filimbi ya pili ilipolia akageuka, akanikuta namkodolea macho.

"Kumbe hata nyinyi mnasimama?" akaniuliza.

Kwa ile lafudhi tu nikajua huyu katoka Nairobi.

Kusema ule ukweli, nilimpenda kuanzia pale. Marafiki zangu ofisini walikuwa wanasaka wanaume wenye gari na kiwanja Kigamboni, mwenzenu nimemwokota mtu kwa kusimamia bendera. Siku zile za mwanzo, badala ya kuongea mambo ya wapendanao wa kawaida, tulikuwa tunalinganisha malezi. Kwao filimbi ililia kituo cha polisi na kwenye ofisi ya chifu, na mzee wake alisimamisha hata baiskeli. Kwao bendera hupanda asubuhi na kushuka saa 12 jioni, na kwetu vile vile. Kwao ni mwiko igusiwe chini, kwetu ni mwiko. Tukacheka kwamba tumelelewa na mzazi mmoja aliyehama nyumba, na kwa kweli desturi hizi nyingi wote tulizirithi kwenye magwaride ya yule yule Mwingereza.

Tatizo likawa baba.

Lazima nikueleze baba yangu ni mtu wa namna gani. Kazi yake jeshini ilikuwa kupiga tarumbeta kwenye bendi ya polisi. Nilipokuwa mdogo, redio ikipiga wimbo wa taifa usiku, baba alisimama sebuleni peke yake, na singlendi yake na msuli kiunoni, mguu sawa, mikono pembeni, mpaka wimbo uishe. Sisi watoto tulijificha chini ya shuka tukicheka. Mama aliwahi kumwambia, "Baba fulani, nani anakuona?" Hakujibu. Kuna mambo hakuyafanya ili aonekane. Alitufundisha kwamba bendera iliyochakaa haitupwi jalalani wala haigeuzwi kitambaa cha kufutia vumbi. Alitufundisha kwamba ya nusu mlingoti hupandishwa kwanza mpaka juu kabisa, ndipo inateremshwa nusu, na jioni hupandishwa tena juu kabla ya kushushwa. Mkono kifuani hakuupenda. Alisema huo tumeuona kwenye sinema za Marekani na kwa wachezaji mpira. Raia husimama mguu sawa, basi.

Mtu kama huyo nilidhani atampenda mchumba wangu kesho yake asubuhi. Wapi! "Wakenya hawa watu wa haraka," akasema. "Mtu anaingia dukani anasema 'nipe sukari'. Hajasema naomba." Kwa miaka miwili hakumtaja jina. Alikuwa ni "yule Mkenya". Nikipiga simu Morogoro, alikohamia baada ya kustaafu, ataniuliza habari za kazi, habari za nyumba, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Na yule Mkenya bado yupo?"

Sasa sikiliza kilichotokea.

Tarehe 27 Juni 2019, Tanzania na Kenya zilikutana Misri kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Unaikumbuka ile hali? Tulikuwa hatujafika fainali zile tangu mwaka 1980. Mimi sikuwa nimezaliwa! Jiji zima lilikuwa buluu. Tukaenda baa moja Sinza yenye skrini kubwa, mimi na jezi yangu ya Taifa Stars, yeye na nyekundu yake ya Harambee. Watu wakamtania sana, na yeye akawatania. Mhudumu akamwambia bia ya Mkenya leo bei mara mbili. Raha tupu.

Ikafika nyimbo za taifa. Kwa kawaida wimbo ukipigwa kwenye televisheni watu baa hawasimami, wanaagiza. Lakini usiku ule wetu ulipopigwa, baa nzima ilisimama. Waliovaa kofia wakavua, wahudumu wakaweka trei chini, mpaka mchoma nyama akatoka jikoni na kisu chake. Watu wazima wakalia. Na Mkenya wangu akasimama pia, mikono pembeni, kimya. Hakuimba, kwa kuwa sio wake, ila alisimama mpaka mwisho. Niliona na nikaona ni sawa tu, ndivyo inavyotakiwa.

Wa kwao ulipopigwa alisimama vile vile. Peke yake. Baa imejaa watu wamekaa, wanapiga stori, wanaita mhudumu, na yeye kasimama katikati na jezi nyekundu kama nguzo. Nyuma yetu mtu akapiga kelele, "We bwana kaa chini, unatuzibia!" Watu wakacheka. Mwingine akarusha kizibo cha soda.

Nilifanya nini mimi, binti wa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, niliyeganda barabarani na viatu mkononi? Nilikaa. Nikatoa simu nikajifanya nasoma ujumbe. Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Nikamshika jezi kwa nyuma, nikamvuta. "Kaa basi," nikamwambia, "unanitia aibu."

Hakukaa. Aliendelea kutazama mbele, midomo inacheza taratibu, mpaka wimbo wao ukaisha. Ndipo akavuta kiti.

Mechi yenyewe unaijua. Msuva akafunga, wakasawazisha kwa Olunga, Samatta akarudisha raha dakika iliyofuata, halafu kipindi cha pili Omolo na Olunga wakatumaliza: 3–2. Baa ikawa msiba. Nikajiandaa kwa tambo za huyu bwana, maana tulivyozoeana angenichamba mpaka Krismasi. Hakusema neno. Kwenye bajaji kimya. Nyumbani kimya. Nikajiambia anatuonea huruma.

Asubuhi yake, nakoroga chai, akasema, "Ulinivuta shati."

Nikacheka. "Jamani, bado? Si ilikuwa mpira tu!"

"Mpira ulikuwa haujaanza."

Hapo nikakosa la kusema, na wewe unajua mtu akikosa la kusema anafanyaje: nikapandisha sauti. Nikamwambia anakuza mambo, nikamwambia ile ni baa sio Ikulu, nikamwambia na yeye angesoma mazingira. Akanisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaongea kwa ile sauti yake ya chini inayonitisha kuliko kelele.

"Niko kwenu miaka minne. Ofisini naitwa Mkenya. Dukani Mkenya. Kwa babako Mkenya, na jina langu anajua. Sawa, nimezoea. Jana ndio mara moja nilisimama kama Mkenya kwa kupenda kwangu. Dakika moja hivi. Wale wengine sikuwajali, siwajui. Lakini mtu wangu ndio akanivuta shati."

Juma lililofuata akaenda Nairobi. Alikuwa na ofa ya kazi kule ambayo tulikwisha kubaliana ataikataa. Sasa akasema anaenda kuwasikiliza. Nikamuuliza unarudi lini, akasema, "Nitakuambia." Mpenzi msomaji, kama umewahi kuambiwa "nitakuambia" na mtu ambaye kila siku hukuambia bila kuulizwa, unaujua ule ubaridi unaoanzia tumboni.

Siku ya tatu nikampigia baba. Sijui kwa nini baba na sio dada yangu. Labda nilitaka mtu atakayeniunga mkono, na nilidhani kwa habari ya Wakenya nimepata. Nikamweleza yote, hata lile la kuvuta jezi, nikalipunguza kidogo.

Baba akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Wewe," akasema. "Rais wa nchi ya watu akishuka uwanja wa ndege, unadhani tunapiga wetu tu halafu tunamwambia karibu chai?"

"Hapana, baba."

"Unapigwa wa kwake. Na sisi wote mguu sawa. Mimi nimepiga nyimbo za nchi ambazo sijui hata wanakula nini. Tumekesha wiki nzima tunajifunza wimbo wa mgeni wa siku mbili, tusikosee noti moja, kwa sababu ukikosea umemtukana yeye na mama yake na kijiji chake. Wewe mtu wako wa nyumbani umemvuta shati?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Sio kawaida yake.

"Wimbo wa kwao naujua," akaendelea, na sauti ikabadilika. "Nimeupiga mara nyingi. Sio wa kutamba ule. Nyimbo nyingi za mataifa zinatembea kifua mbele, ule unaenda chini chini, kama mtu anabembeleza mtoto." Kisha akasema, "Na wetu ulipopigwa, yeye alisimama?"

"Alisimama, baba."

"Mikono wapi?"

"Pembeni."

Kimya tena. Halafu, "Huyo kijana anaitwa nani?"

Nikamtajia jina, ingawa alilijua. Akalirudia mara mbili, taratibu, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kitasa. Kisha akakata simu.

Usiku ule nilifanya kitu ambacho ningefanya miaka miwili nyuma: nikausikiliza wimbo wa mwenzangu. Na nikaona aibu upya, kwa sababu ni Kiswahili! Beti tatu za lugha yangu mwenyewe, nami sikuwahi kujua unasema nini zaidi ya jina, Ee Mungu Nguvu Yetu. Ni sala, kama wetu ulivyo sala. Nikasoma habari zake. Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, iliundwa kamati ya watu watano kutengeneza wimbo, na sauti wakaitoa kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa kando ya Mto Tana. Baba hakukosea hata kidogo. Na wetu ninaojivunia? Sauti yake ilitungwa na mwalimu wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Tanganyika iliuchukua mwaka 1961, Zambia nao wanaimba kwa sauti hiyo hiyo na maneno yao, na Afrika Kusini kwenyewe ndio sehemu ya kwanza ya wimbo wao. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimekaa kwa kiburi cha wimbo tulioazima, nikimcheka mtu anayesimamia bembelezo la bibi yake.

Ijumaa nikapanda basi la Nairobi. Ndege ningeweza, ila nilihisi hili halitaki ndege. Namanga tulifika nimechoka, miguu imevimba, na pale mpakani bendera zao na zetu zinapepea hatua chache tu moja na nyingine. Nikasimama kuzitazama mpaka kondakta akaniita, "Dada, unahama nchi au unaangalia?"

Alinipokea stendi. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu kuanzia Chalinze. Ikatoka moja tu: "Nisamehe nilikuvuta shati."

Akaniangalia na nywele zangu zilivyokuwa. "Umesafiri siku nzima kusema hivyo pekee?"

"Ndio."

"Haya, kuja tukule," akasema. Wakenya bwana.

Ile ofa aliikataa. Yaliyofuata nitayapitisha haraka, maana hata sisi tuliyapitia tukiwa tumefumba macho. Mwaka 2020 korona ikaja, mpaka ukafungwa, nchi zetu zikanuniana mpaka ndege zikazuiwa, na mipango ya posa ikalala. Machi 2021 Rais Magufuli akafariki. Bendera kwetu nusu mlingoti, na Kenya nao wakashusha zao. Kwenye msiba wa kitaifa Dodoma, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa anahutubia, adhana ikasikika, akanyamaza katikati ya hotuba mpaka ilipokwisha. Baba alikuwa anatazama televisheni Morogoro. Alinipigia hapo hapo. Hakusema habari ya Uhuru. Alisema, "Waambie wazee wa huyo kijana waje."

Harusi tulifunga Desemba mwaka ule, na baba alituachia masharti mawili. MC alitaka ukumbi usimame kwa nyimbo zote mbili za taifa kabla ya keki, aliona itapendeza kwenye video. Baba akamwambia wimbo wa taifa sio wa kuitia keki, na hilo likaishia hapo. La pili ni vibendera vya mezani. Hivyo alivikubali, ila viwe saizi moja na kimo kimoja, cha kwao kisizidiwe na chetu kwa kuwa tu ukumbi ni wetu. Tukamwelekeza mpambaji. Siku yenyewe baba akaitwa mbele kutoa nasaha. Akapokea kipaza sauti, akatazama meza yetu, akakirudisha kwa MC. Akaja mpaka mezani mbele ya watu mia tatu, akachomoa kibendera cha Tanzania, akakigeuza. Kilikuwa kichwa chini miguu juu, buluu imekaa juu! "Kijani juu, upande wa mlingoti," akamnong'oneza mume wangu. "Ya kwenu wameiweka sawa. Yetu ndio wameipindua. Umeona watu wetu?" Wakacheka wawili wale kama watoto wa shule. Nasaha zenyewe hata sizikumbuki.

Wadada wenzangu mlioolewa na watu wa mataifa mengine mnaniandikiaga sana tukikutana kwenye shughuli: eti na wimbo wa kwao niimbe? Mimi nasema usiimbe kama hauujui, kubabaisha midomo ni vibaya kuliko kunyamaza. Simama tu. Simu kwenye pochi, bigijii toa, kama umeshika glasi iweke chini. Mume akiwa na kofia isiyo ya dini wala ya sare, avue. Ukikuta wengine wamekaa, hapo ndipo usimame kabisa. Na kama ni wewe uliyekaa, usitafute maneno ya kujitetea asubuhi yake, nimeyajaribu yote hayana kazi.

Mtoto wetu alizaliwa mwaka 2023. Analala kwa tabu, tena kwa baba yake tu, na baba yake ana wimbo mmoja. Anauvumisha bila maneno, anatembea naye ukumbini kwenda na kurudi. Usiku wa kwanza niliposikia nilikaa kitandani wima. "Wewe, huo si wimbo wenu wa taifa?" nikamwambia. "Unamlazia mtoto wimbo wa taifa?" Akaniambia, "Ulianza ukilaza watoto. Umerudi nyumbani tu." Nikabaki pale nusu nimekaa, nusu nimesimama, sijui desturi inasemaje.

Juzi baba alikuja kututembelea, akalala chumba cha wageni. Saa 9 usiku mtoto akaanza, mume wangu akamchukua, nikasikia ule mvumo wake unaanza, chini chini. Kisha nikasikia kitanda cha wageni kinalia, na mlango unafunguliwa. Nikatoka kumwambia baba asisumbuke, arudi alale.

Alikuwa mlangoni pake, na singlendi yake na msuli kiunoni, mguu sawa, mikono pembeni. Miguu inamtetemeka kidogo siku hizi. Mume wangu alimwona, akasita, baba akamwonyesha kwa kidevu aendelee. Akaendelea mpaka mwisho.

"Amelala?" baba akauliza.

"Bado, mzee."

"Basi rudia."